Nimeanza dawa za presha, nguvu za kiume zimepungua: tatizo ni vidonge au kuna jingine?

Seremala wa Kihonda

Ndugu wanajamvi, wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo. Mimi ni seremala wa miaka 47, naishi Morogoro, nina mke na watoto wanne. Oktoba iliyopita nilikwenda kumchangia damu shemeji yangu aliyekuwa anasubiri upasuaji, wakanikataa kwa sababu presha yangu ilisoma 172 kwa 106. Nilipimwa tena siku mbili tofauti, matokeo yakawa yale yale, na daktari akanianzishia vidonge viwili vya kumeza kila asubuhi: atenololi ya miligramu 50 na bendrofluazidi ya miligramu 5. Presha ilishuka vizuri, na hata maumivu ya kisogo ambayo miaka yote nilidhani yanatokana na kuinamia randa yakaisha.

Tatizo lilijitokeza kama wiki ya sita hivi. Uume ulianza kusimama kwa kusuasua, kisha ukawa unalegea katikati ya tendo, na kufikia Januari zilikuwa zikipita wiki tatu bila lolote. Nieleze pia, maana huenda lina uzito wake, kwamba siku chache tu baada ya kuanza dawa mwenzangu wa karakana aliona bahasha ya vidonge mfukoni mwangu akaniambia kuwa hivyo ndivyo vinavyomaliza wanaume. Nilicheka, lakini neno lile halikunitoka.

Februari niliacha vidonge vyote kwa siku tisa bila kumwambia mtu. Siku ya nne moyo ulianza kunidunda usiku kama mtu aliyekimbizwa. Siku ya tisa mke wangu alinipeleka kupima kwa nguvu, ikasoma 184 kwa 110, na kile nilichokiachia dawa hakikuwa kimerudi.

Mbali na hivyo viwili, humeza simetidini kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Naijua kwa rangi ya pakiti, nanunua mwenyewe duka la dawa, na huu ni mwaka wa pili nameza karibu kila siku. Sigara niliacha mwaka jana baada ya kuvuta miaka 20. Bia ni za Jumamosi, tatu au nne, na mwezi wa sikukuu huzidi. Rafiki ameniletea kikopo cha unga wa mizizi kisicho na maandishi yoyote isipokuwa picha ya simba, akasema kijiko kimoja kwenye uji kinatosha.

Daktari sijamweleza. Chumba chake hakikosi watu watatu, na muuguzi anayepima presha ni binti wa jirani yangu. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: ni vidonge hivi kweli, kuna vingine visivyo na athari hiyo, na je, nikionje kile kikopo?

Mkwezi

Pole sana mkuu. Ushauri wangu ni mfupi: dawa za hospitali ndizo zinazotumaliza. Babu zetu hawakujua atenololi wala nini, na walioa wake wanne. Achana nazo, tafuna kitunguu saumu punje mbili asubuhi, na hicho kikopo jaribu kidogo kidogo.

Mfamasia wa Zamu

Ndugu Seremala, nimefanya kazi nyuma ya dirisha la dawa kwa miaka 19, na swali lako huulizwa mara nyingi kwa sauti ya chini, mteja akiwa tayari amegeuka kuondoka. Niruhusu nilijibu kwa urefu. Kwanza namwomba ndugu Mkwezi asiwashauri watu kuacha dawa za presha, kwa sababu mwenye swali ameshafanya hivyo na ameshatueleza kilichompata. Atenololi hupunguza kasi ya moyo kwa kuziba mahali ambapo adrenalini hushika; mwili huzoea hali hiyo, na dawa ikikatwa ghafla moyo hupokea msukumo wote kwa mpigo mmoja. Kule kudunda kwa usiku wa nne ndiko huko. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoanza kuziba, siku kama hizo zinaweza kuleta shambulio la moyo. Dawa ya kundi hili huachwa kwa kupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya macho ya aliyeiandika.

Sasa swali lenyewe. Ili uume usimame, ubongo au mguso hutuma ishara kupitia neva, neva na kuta za mishipa hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, misuli laini iliyomo ndani ya uume hulegea, damu huingia kwa wingi na kuzuiwa isitoke. Homoni ya testosteroni hukaa nyuma ya yote hayo kama mwenye nyumba: huenda humwoni, lakini akisafiri utajua. Dawa yoyote inayogusa ubongo, neva, mishipa au homoni inaweza kuharibu sehemu moja ya mfuatano huo, na ndiyo maana dawa zinazotajwa ni nyingi na hazifanani.

Katika dawa za presha, zinazolaumiwa zaidi ni mbili ulizopewa wewe, yaani kundi la atenololi na propranololi pamoja na kundi la bendrofluazidi, halafu metildopa, klonidini, na spironolaktoni, ambayo huweza hata kumvimbisha mwanamume matiti kwa sababu hupingana na homoni za kiume. Kwa upande mwingine amlodipini, na vidonge vya jamii ya kaptopili na enalapili, kwa kawaida havina kosa katika jambo hili, na losartani na ndugu zake katika baadhi ya tafiti wameonekana hata kusaidia kidogo.

Lakini usikimbilie kuhukumu. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, wanaume wenye presha iliyopanda kidogo walipewa dawa mbalimbali, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakimeza klothalidoni, dawa iliyo karibu na bendrofluazidi yako, walikuwa na tatizo la kusimika kwa takribani 17 katika kila 100, wakati wale wa vidonge vitupu walikuwa takribani 8. Baada ya miaka minne tofauti hiyo ilikuwa karibu imetoweka. Ina maana dawa ina mchango, ila sehemu kubwa ya tatizo huwepo au huja hata bila dawa.

Na hapa ndipo maneno ya mwenzako wa karakana yananipa shaka. Mwaka 2003 madaktari wa Italia walichapisha utafiti wa wanaume 96 wenye maradhi ya moyo na mishipa ambao hawakuwa na upungufu wowote wa nguvu, wote wakapewa atenololi. Waligawanywa makundi matatu ya watu 32. Kundi la kwanza hawakujua wanapewa dawa gani, na mmoja tu alipata tatizo. Kundi la pili waliambiwa jina la dawa bila kuelezwa athari zake, wakapata watano. Kundi la tatu waliambiwa jina na wakaelezwa kwamba inaweza kupunguza nguvu za kiume, wakapata kumi. Kidonge ni kilekile, kiasi kilekile. (Najua kwamba kwa kukueleza haya huenda nimekuwa mwenzako wa karakana wa pili, lakini naona ni bora ujue yote kuliko nusu.) Sisemi kwamba unajitungia. Hofu hutoa adrenalini, na adrenalini hufinya mishipa ile ile inayotakiwa kulegea. Hata kama chanzo kilikuwa neno, kinachotokea mwilini ni halisi.

Nitakachokukumbusha, ambacho wewe umekipitia kwa haraka, ni ile simetidini. Karibu kila siku kwa mwaka wa pili? Simetidini hushindana na homoni za kiume mahali zinaposhika, na ikitumiwa muda mrefu au kwa kiasi kikubwa inajulikana kuleta upungufu wa nguvu na uvimbe wa matiti. Tena huzuia ini kuvunjavunja dawa nyingine kadhaa. Wengi hawaitaji kwa daktari kwa sababu haikuandikwa na daktari. Omeprazoli haina tabia hiyo kwa kiwango hicho, na zaidi ya yote, kidonda kisichopona mwaka wa pili kinahitaji kupimwa bakteria wa tumboni, si kutulizwa kila siku.

Chukua karatasi, andika tarehe: lini ulianza kila kitu, lini tatizo lilijitokeza, siku gani lilikuwa nafuu. Kisha tia kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, vidonge vya hospitali, vya dukani, na hicho kikopo chenye simba, umpelekee daktari wako. Kama huwezi kutamka mbele ya binti wa jirani, andika sentensi moja kwenye karatasi hiyo na umpe mkononi. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na hakuna aliyechekwa.

Dereva wa Mariakani

Nasalimu kutoka Mombasa. Nimemsoma mfamasia kwa makini, nami naongeza upande mwingine kwa kuwa yalinifika.

Nina kisukari tangu nikiwa na miaka 41. Nguvu ziliponipungua niliilaumu metformini miaka miwili mizima, nikawa nairuka siku ninazorudi nyumbani kutoka safari, nikiamini namtunza mke wangu. Daktari wa Makadara aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza: nalala saa ngapi, natafuna nini njiani, navuta ngapi. Nikamjibu ukweli. Barabara ya Nairobi ni ya usiku, na usiku nilikuwa nikitafuna miraa, ikikosekana nanunua muguka, sigara mfululizo juu yake kwa sababu hivyo viwili huitana, halafu nikifika nyumbani na macho yamegoma kufumba nateremsha kwa pombe kali ili nipate usingizi.

Alinieleza kwamba metformini haijulikani kuleta tatizo hili. Kinacholileta ni sukari isiyodhibitiwa, ambayo huharibu neva na mishipa midogo, kwa hiyo kila kidonge nilichokiruka nilikuwa nauchimbia mzizi mti niliotaka kuukata. Miraa ina kathinoni, ambayo hufinya mishipa na kupandisha presha kama zifanyavyo dawa za jamii ya amfetamini. Sigara huharibu ukuta wa ndani wa mshipa, pale pale inapotengenezwa ile gesi ambayo mfamasia ameitaja. Pombe kwa kiasi kidogo humwondolea mtu haya, ikizidi huulaza mfumo wa neva usiku ule ule, na ikiwa ya miaka huathiri ini, korodani na neva za mbali.

Miraa niliiacha kwa kubadilisha ratiba, nikaomba safari za mchana, mapato yakapungua, na hilo silifichi. Sigara ilinichukua mwaka. Ilichukua kama miezi mitano sukari ilipotulia ndipo nikaona mabadiliko, tena ya polepole, na sijarudi nilivyokuwa nikiwa na miaka 30.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu mwambao hatulisemi. Vijana wa unga, na hao wanaomeza tramadoli, dawa ya maumivu makali, kwa ajili ya kubeba mizigo bandarini, wengi huamini kwamba vitu hivyo vinawapa nguvu chumbani kwa sababu vinachelewesha kumaliza. Ni kweli huchelewesha. Lakini dawa zote za jamii ya afyuni, ikiwemo heroini, mofini, tramadoli na hata methadoni, zikitumiwa muda mrefu hukandamiza ubongo usiziagize korodani kutengeneza testosteroni, na mwisho hamu yenyewe hupotea. Aliye kwenye methadoni, ile wanayopewa wanaoacha heroini, asiiache kwa sababu hii. Amweleze mhudumu wake, maana kurudi mitaani ni kubaya zaidi.

Mama Zuhura

Naomba radhi kuingia kwenye baraza la wanaume, lakini mnazungumza kana kwamba jambo hili linamkuta mtu mmoja.

Mume wangu alipata ugonjwa wa akili miaka sita iliyopita, akapewa haloperidoli, baadaye risperidoni, akapona kiasi cha kurudi kufundisha. Kisha akaanza kulala akinipa mgongo. Nilidhani ana mwanamke mwingine. Kumbe alikuwa anaona haya, na alipochoka kuona haya akawa anavificha vidonge chini ya ulimi na kuvitema bafuni. Nilivikuta kwenye tundu la maji, vimeyeyuka nusu. Wiki tatu baadaye ugonjwa ulirudi, akalazwa miezi miwili. Laiti mtu angetuambia siku ya kwanza kwamba dawa inaweza kuleta hali hiyo, mimi nisingemshuku na yeye asingevitema. Mfamasia, hilo la Italia nimelielewa, lakini kunyamaza nako kuna gharama yake. Je, kwa dawa za akili kuna namna?

Mfamasia wa Zamu

Mama Zuhura, umenirekebisha, na napokea.

Namna ipo. Haloperidoli, risperidoni na klopromazini huzuia dopamini katika ubongo, na dopamini ikizuiwa homoni ya prolaktini hupanda, ile ile inayomtoa mama maziwa. Kwa mwanamume prolaktini ikipanda testosteroni hushuka, hamu hupungua, na wengine matiti hutoa maji. Prolaktini hupimwa kwa damu. Ikiwa iko juu, daktari wa afya ya akili anaweza kupunguza dozi ikiwa hali inaruhusu, au kumhamishia kwenye dawa kama aripiprazoli ambayo haipandishi prolaktini. Dawa za sonona kama fluoksetini, sitaliprami na amitriptilini nazo huathiri, zile za kwanza zaidi katika kuchelewesha au kuzuia kufika kileleni, na pia zina mbadala. Metoklopramidi ya kutapika hupandisha prolaktini vilevile, ila hutumiwa siku chache tu na haina haja ya kumtia mtu hofu. Kwa wazee wenye tezi dume, finasteridi inaweza kupunguza nguvu na hamu, wakati tamsulosini kwa kawaida huacha uume usimame lakini shahawa hazitoki au hutoka kidogo. Wazee wengi huchanganya haya mawili.

Tabibu wa Nyanda za Juu

Nimeona hakuna aliyejibu kuhusu kikopo, nami ndicho kilichonifanya niandike.

Ndugu Seremala, usikionje. Hatari kubwa si mizizi. Mamlaka za dawa za nchi nyingi, ya Marekani ikiwa mojawapo, zimekuta mara nyingi kwamba bidhaa za "asili" za kuongeza nguvu zimechanganywa kwa siri na sildenafili, ile dawa iliyotafutwa kwa ajili ya maumivu ya moyo kisha ikaidhinishwa mwaka 1998 kwa ajili ya nguvu za kiume. Ikifanya kazi ndani ya saa moja, jiulize ni mzizi gani wenye haraka hiyo. Sildenafili kwa kipimo na kwa cheti ni dawa nzuri, naiandika mwenyewe. Ikiwa ndani ya unga usiojulikana kiasi, kwa mtu anayemeza nitrati za moyo, ziwe za kuweka chini ya ulimi au za kumeza, presha inaweza kuporomoka hadi mtu akafa. Kwa anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri, kiwango cha sildenafili katika damu hupanda mara nyingi, na ndiyo maana hata ikiandikwa na daktari hapaswi kuzidisha miligramu 25 katika saa 48. Simetidini nayo huipandisha, ingawa si kwa kiasi hicho. Niliwahi kumpokea mzee saa nane usiku, namba ya juu ya presha imeshuka hadi 70, macho yamefumba, na mwanawe ameshika chupa ya dawa ya kienyeji akisema ni ya mgongo.

La pili. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Uchafu ule ule wa mafuta huiziba midogo kwanza. Kwa mwanamume wa miaka 47 mwenye presha, aliyevuta sigara miaka 20, kulegea kwa uume kunaweza kuwa taarifa ya moyo iliyotangulia kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo hata tukibadilisha vidonge na mambo yakawa sawa, nataka sukari yako ya asubuhi kabla ya kula, mafuta ya damu, figo, na testosteroni iliyochukuliwa asubuhi. Nataka pia kujua kama alfajiri unaamka uume ukiwa umesimama. Ukisimama alfajiri na kugoma usiku, mabomba ni mazima na tutazungumza zaidi juu ya hofu. Usiposimama kabisa, tutaangalia mishipa, neva na dawa.

Seremala wa Kihonda

Wakuu, ni Juni sasa, narudi kutoa taarifa kwa sababu mlinitendea wema.

Nilikwenda na mfuko na karatasi ya tarehe. Niliandika pia ile sentensi moja, nikampa daktari, akaisoma, akamtuma yule binti akalete faili lililokuwa tayari mezani. Nilimshukuru moyoni. Alicheka kidogo alipoona simba, akakichukua kikopo na hakunirudishia. Alfajiri uume ulikuwa unasimama siku chache kwa wiki, nikamwambia. Sukari ilikuwa 6.4, akasema si kisukari lakini iko njiani, na mafuta yako juu.

Alikataa kubadili vyote kwa pamoja, akisema tutashindwa kujua ni kipi kilichosaidia. Kwanza aliniondolea simetidini, nikapimwa bakteria, nikakutwa nao, nikamaliza dawa zake za siku 14 na tumbo sasa limetulia. Baada ya mwezi alianza kuishusha atenololi, nusu kidonge wiki mbili, huku akiniwekea amlodipini ya miligramu 5. Bendrofluazidi ameipunguza hadi miligramu 2.5 na kuiacha hapo. Bia nimejiwekea mbili. Miguu huvimba kidogo jioni, ameniambia ni ile amlodipini, tunaiangalia.

Jana presha ilisoma 138 kwa 86. Chumbani mambo ni bora kuliko Machi, ingawa si kila siku. Na mke wangu, ambaye nimemsomea maneno ya Mama Zuhura, amekiri kwamba naye mwezi wa Januari alishaanza kukagua simu yangu.